Askari Apimwe Nini Kabla ya Kupanda Kabambare?

Mgeni akifika Kasongo huuliza Kabambare ni kilomita ngapi. Mwenyeji humrudishia swali: mvua ya mwisho ilinyesha lini? Kiangazi pikipiki inapita. Masika mtu anashuka, anasukuma, anabeba, na daraja la miti likiwa limechukuliwa na maji, anavua suruali na kuifunga kichwani. Ndiyo njia ambayo askari wa FARDC, jeshi la taifa, wameipanda miaka hii kuelekea Salamabila, ambako dhahabu ya Namoya na bunduki za Mai-Mai Malaika zililifanya jina la Kabambare lisikike redioni hadi Kinshasa.

Swali langu ni moja. Askari huyo, kabla hajapanda, apimwe nini? Mbio zake? Damu yake? Au apimwe kilichomo chunguni kwake?

Nimewakalisha pamoja watu watano ambao kwa kawaida hawakai benchi moja. Kikao nimekipanga mimi na maneno nimeyapanga mimi. Hoja zenyewe si zangu, ni zile mtu anazozisikia akikaa Kasongo muda wa kutosha bila haraka. Kuna Ajida, aliyevua sare baada ya miaka mingi. Kuna Mama Docta, ambaye kwa cheti ni muuguzi, lakini huku kila avaaye koti jeupe ni docta. Kuna Mwalimu wa historia. Kuna Mama Kambi, mke wa askari. Na kuna Kijana, aliyewahi kuwa porini na sasa anataka kuingia jeshini kwa mlango wa mbele. Mimi ni mwenyekiti, na nakiri mapema kwamba sitakuwa mwenyekiti mwema: nina upande.

AJIDA: Naanza mimi, sababu jambo ni langu. Askari ni mguu. Bunduki inabebwa na mguu, redio inabebwa na mguu, hata majeruhi anabebwa na mguu wa mwenzake. Nilipita mikononi mwa wakufunzi wa Kibelgiji pale kambi ya Lwama, Kindu, walipokuwa wakiunda batayoni za kuingilia kati kwa haraka. Asubuhi mbio, mchana mbio, jioni mzigo mgongoni. Aliyeshindwa alionekana. Siku hizi naona mtu ana tumbo mbele, anahema akipanda mlima wa mission, na bado anaitwa askari. Mpimeni! Dakika kumi na mbili, uwanja wa mpira, tuone amezunguka mara ngapi. Asiyeweza aende nyumbani.

Hizo dakika kumi na mbili hazikutungwa Lwama. Daktari Kenneth Cooper aliziandika kwa ajili ya jeshi la anga la Marekani mwaka 1968, na tangu hapo zimezunguka dunia nzima pamoja na filimbi na saa ya mkononi. Ni kipimo cha maana, nacho ni rahisi. Shida yake ni kwamba uwanja wa mpira ni tambarare, na Kabambare si tambarare.

KIJANA: Mimi nimekimbia, Ajida. Novemba 2022 Rais alipowaita vijana waingie jeshini, nilikwenda kujiandikisha. Nilikimbia nikawa wa tatu. Wakatazama meno, wakatazama nyayo, wakaniambia nikohoe, basi. Hakuna aliyeweka sikio kifuani. Hakuna aliyenichoma kidole.

MAMA DOCTA: Na huyo wa kwanza, aliyekushinda, unajua damu yake ni ya namna gani?

KIJANA: Nitajuaje, Mama? Nilimwona kisigino tu.

MAMA DOCTA: Ndiyo neno langu. Ajida, nakuheshimu kama kaka yangu, lakini mbio zinaonyesha nani ana nguvu leo. Hazionyeshi nani ataanguka wiki ya tatu. Karibu robo ya Wakongo wanabeba nusu ya selimundu, ugonjwa ule tunaouita SS. Wao si wagonjwa. Ni AS: wanalima, wanacheza mpira, wanazaa, wanazeeka. Lakini mwendeshe mtu wa AS mbio ndefu juani, bila maji, kuruta mpya ambaye mwili haujazoea, kisha mkemee asisimame. Huyo anaweza kufa hapohapo njiani, na wenzake watasema amerogwa. Mwaka 1987 madaktari wa Marekani walichapisha hesabu ya makuruta wao waliokufa ghafla mazoezini. Wenye AS walikuwa wamepita wenzao mara nyingi sana.

AJIDA: Basi tusiwachukue hao AS.

MAMA DOCTA: Utafukuza robo ya taifa? Hata walioandika hesabu ile hawakufikia kusema hivyo. Dawa yake ni maji, kivuli, na kupandisha mazoezi polepole. Ajida, ukijua damu ya kuruta wako unabadilisha saa ya mbio, iwe alfajiri badala ya saa saba mchana. Kipimo kimekufundisha wewe mkubwa, yeye hakikumfukuza.

Hapa Ajida alinyamaza kidogo, na nilimpenda kwa kunyamaza huko. Watu wa amri huwa hawanyamazi.

MAMA DOCTA: Tena bado sijasema malaria. Mnachukua mtoto wa Lubero au Walungu, amekulia kwenye baridi ya milima, mbu hamjui. Mnamshusha huku bonde la Lualaba bila chandarua. Sisi tuliozaliwa hapa mwili umeshazoeana na malaria, inatupiga tunainuka. Yeye inampanda kichwani siku ya kumi. Mnaita uvivu. Mimi naita kutokumuuliza mtu ametoka wapi.

MWALIMU: Na wala si jambo jipya katika njia hii. Mniruhusu?

Tulimruhusu. Mwalimu wa historia akiomba ruhusa, mgawie na kahawa kabisa.

MWALIMU: Mnamjua Livingstone, yule Mskoti. Watu humkumbuka kwa Nyangwe, kwa mauaji ya sokoni ya Julai 1871 aliyoyaona kwa macho yake. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya hapo alikwama Kabambare miezi na miezi, tangu katikati ya 1870 hadi mapema 1871. Yeye aliandika Bambarre. Kilichomkwamisha hakikuwa vita wala mto. Kilikuwa donda ndugu miguuni. Mtu aliyevuka bara zima alikuwa amekaa kitako, anatazama nyayo zake zikiliwa.

AJIDA: Si nimesema! Mguu.

MWALIMU: Umesema mguu ukimaanisha mbio. Mimi nasema mguu nikimaanisha ngozi, kiatu, funza, kidonda ambacho hakikuoshwa siku ya kwanza. Askari wetu wanapanda kule na buti za mpira, maji yanaingia juu, hayatoki. Livingstone angewaelewa vizuri sana.

Sasa wa pili. Februari 1905, hapahapa Kasongo, alikufa daktari kijana wa Kiingereza, Joseph Dutton. Alikuwa na miaka thelathini. Miaka mitatu nyuma, kule Gambia, ndiye aliyekitambua kimelea cha malale katika damu ya mtu na kukipa jina. Akaja Kongo na mwenzake John Todd, wametumwa na shule ya tiba ya Liverpool, wakawa wanachunguza homa nyingine ambayo watu wa misafara waliijua zamani.

MAMA KAMBI: Homa ya papasi.

MWALIMU: Hiyo. Inakushika, inakuacha, unashangilia, inakurudia. Dutton na Todd walionyesha kwamba inaletwa na papasi, yule mdudu wa kwenye nyufa za sakafu ya udongo. Mchana humwoni. Usiku anatoka, anakula, alfajiri amesharudi ufani. Wote wawili iliwapata. Todd akapona, Dutton akazikwa. Kidudu kinacholeta homa hiyo hadi leo kinaitwa kwa jina lake. Na papasi alikaa wapi zaidi? Katika vibanda vya kulala wasafiri. Kila msafara ulilala pale ulipolala msafara wa jana: askari juu ya askari, mbebaji juu ya mbebaji. Papasi hakuwa na haja ya kutembea. Chakula kilimfuata kwa zamu.

MAMA DOCTA: Na leo askari hulala wapi akifika kijijini? Katika nyumba iliyokimbiwa na wenyewe, chini, juu ya turubai. Homa ikimpanda anapewa dawa ya malaria. Ikimwachia anasema imepona. Wiki ijayo ipo tena, anapewa dawa ileile. Kumbe mtu wa maabara akitazama tone nene la damu kwa utulivu angeona kile kidudu kimejikunja kama uzi, na dawa yake si ghali. Lakini nani anampigia picha ya damu askari aliye mlimani?

Nakatiza. Ningependa msomaji alisikie hili polepole, maana Kasongo ina haki ya kulisema kwa uchungu. Miaka ya 1970 mji huu ulikuwa kama darasa la dunia. Madaktari waliokuja na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp walijaribu hapa jambo ambalo leo linaonekana la kawaida: kituo cha afya kinachojua watu wake ni nani na wako wangapi, na hospitali moja nyuma yake ya kupokea walioshindikana. Mwaka 1981 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya chanjo ya surua kwa watoto wa Kasongo, na watu wa mbali wakabishana juu yake miaka mingi. Nchi nzima ilikuja kugawanywa katika zoni za afya kwa mawazo yaliyofanana na ya hapa. Mtoto wa Kasongo alikuwa na fishi ya afya. Askari anayemlinda mtoto huyo, hadi leo, mara nyingi hana. Akihamishwa kutoka Kindu kwenda Salamabila, bunduki yake ina namba inayoandikwa kitabuni. Kifua chake hakina.

KIJANA: Sisi kule porini tulikuwa na chanjo.

Hapo kila mtu alicheka, isipokuwa Mama Docta.

MAMA DOCTA: Sema, mwanangu. Chanjo gani?

KIJANA: Chale. Hapa, hapa, na hapa. Muganga anakukata, anapaka dawa. Kisha masharti. Usiibe. Usimguse mwanamke kabla ya vita. Usile chakula kilichopikwa na yeyote tu. Usipeane mikono na asiyechanjwa. Ukivunja, risasi inapita. Ukishika, inakuwa maji.

AJIDA: Upuuzi. Nimewazika watu wenye chale kumi.

MWALIMU: Ajida, taratibu. Mwaka 1964 waasi wa Simba walishika Kindu, Kasongo, Kabambare, na jeshi la serikali lilikuwa likikimbia kabla ya risasi ya kwanza, likisikia tu watu wanaimba mai Mulele, maji yao ya dawa. Dawa ile haikuzuia risasi. Ilizuia woga, na hilo lilitosha kwa miezi kadhaa. Na masharti yale, ukiyatazama bila dharau, mengi ni amri ambazo ofisa yeyote angetamani askari wake wazishike: asiibe, asibake, asile ovyo.

MAMA DOCTA: Mimi sitayasifu. Wembe mmoja kwa vijana thelathini, Mwalimu! Hepatitisi, pepopunda, na UKIMWI vinapita pale kwa mstari mmoja. Lakini nakiri jambo moja, na linaniuma. Kijana huyu muganga wake alimwita kwa jina, alimgusa mwili, alimwambia ale nini na alale vipi. Alikuja serikalini, hakuna aliyemgusa. Neno ni lilelile, chanjo. Ya kwetu ina nguvu ya kweli dhidi ya pepopunda, homa ya manjano, homa ya ini. Lakini mganga wa porini ndiye aliyefika kwanza.

Sijui kama Kijana aliridhika. Alikuwa anakuna kovu la bega bila kujua.

MWALIMU: Nimalizie na mlima wa jirani. Aprili 1965 alikuja upande wa Fizi, ng'ambo tu ya Kabambare, mtu aliyesomea udaktari mwenyewe: Che Guevara. Alikuwa na pumu. Akapata malaria, akapata kuhara, akaendelea kupanda milima. Na alilalamika kwamba wapiganaji aliokuja kuwasaidia hawakutaka kubeba chakula chao wenyewe, wakisema wao si magari. Mwezi Juni wakashambulia Bendera, wakashindwa. Novemba wakavuka Ziwa Tanganyika usiku kurudi Kigoma. Unaweza kusema walishindwa kwa siasa, na utakuwa umesema kweli. Lakini jeshi lisilobeba chakula chake litakula cha nani?

MAMA KAMBI: Ndiyo, Mwalimu. Litakula cha nani? Sasa naomba mniachie.

Alikuwa ametulia muda wote, mtoto amelala mapajani. Nilikuwa nimemwalika ili aseme juu ya familia, kama tunavyowaalika wanawake katika mijadala ya namna hii: waseme la huruma, wanaume waendelee na la maana. Kumbe yeye ndiye alikuja na hesabu.

MAMA KAMBI: Ajida, pale Lwama ulipokimbia asubuhi na mchana, ulikula?

AJIDA: Tulikula.

MAMA KAMBI: Mara ngapi?

AJIDA: Tulikula vizuri, Mama. Siwezi kusema uongo.

MAMA KAMBI: Basi mbio zile zilikuwa za chungu. Mtoe chungu, tuone mbio. Mume wangu anakula bugali na sombe mara moja kwa siku, siku njema. Mshahara ukija unagawanywa: mimi hapa na watoto wanne, yeye kule. Mtoto akiugua nampigia simu. Yeye yuko kwenye zamu, ananiambia uza kitu. Ninauza. Siku hakuna cha kuuza, yeye kule anatafuta. Anatafuta wapi, mnajua. Kwa mkulima, kwenye kizuizi cha barabara, kwa wachimba dhahabu. Mnasema askari wanasumbua raia. Wanasumbua, na mimi sitetei, nami ni raia, shamba la mama yangu limevunwa na watu wenye sare. Nasema tu mjue wizi ule ulianzia wapi: ulianzia kwenye homa ya mtoto wangu hapa Kasongo.

AJIDA: Lakini nidhamu...

MAMA KAMBI: Ngoja, kaka. Sijafika. Unasema asiyeweza kukimbia aende nyumbani. Nyumbani wapi? Kwenye kikosi cha mume wangu kuna mzee, magoti yamekwisha, anakohoa usiku kucha. Unajua kwa nini hatoki? Akitoka, mshahara unakatika, na pensheni ni maneno ya redioni. Kwa hiyo anaficha kikohozi. Siku ya ukaguzi anasimama wima kama kijana, akirudi kwenye hema anatema damu. Na wenzake wanane wanalala hema lile. Kipimo chako cha mbio, Ajida, kinamfundisha mgonjwa kuficha ugonjwa.

Kimya kilichofuata nilikiacha kirefu. Ninaamini maneno yale ndiyo kiini cha jambo lote, na yaliyokuwa kabla yake yalikuwa njia ya kuyafikia.

MAMA DOCTA: Dada amesema ugonjwa wenyewe. Kifua kikuu tukikikuta mapema ni vidonge vya miezi sita, mtu anarudi kazini. Kikifichwa, kinakula kikosi. Lakini nani atakuja kwangu kukohoa kwenye kikopo ikiwa matokeo yake ni kufukuzwa? Hata mimi nisingekuja.

AJIDA: Basi mnataka nini? Jeshi la wagonjwa? Adui hatangoja mtu amalize vidonge. Goma ilianguka Januari 2025, Bukavu mwezi uliofuata. Pale hapakuwa na muda wa kupima makohozi.

MWALIMU: Ajida, nikuulize kwa heshima. Mwaka 1893, Aprili 22, Dhanis, ofisa Mbelgiji wa Dola Huru ya Kongo, aliposhika Kasongo, ile ya Tongoni, mji wa Sefu mwana wa Tippu Tip, alikuwa na daktari Mwingereza kikosini, Hinde. Ndui ilikuwa inawala watu wa pande zote mbili. Walishinda, wakadhani ushindi umetosha. Miaka minne baadaye Dhanis huyohuyo akaongoza msafara mkubwa kwenda Nile kupitia msitu wa Ituri. Askari wake wengi ni wa huku, Watetela na Wakusu. Njaa, uchovu, watu wanakufa njiani, na kinyongo cha kuuawa kwa chifu wao Ngongo Lutete kikiwa bado kibichi. Februari 1897 mstari wa mbele ukaasi, ukawaua maofisa wake. Waasi wakarudi kusini wakipigana, na mwaka 1898 walikuwa wameshika Kabambare. Jeshi bora la dola ile likawa adui wake mkubwa kuliko wote. Hao walijua kukimbia, Ajida. Walitembea kutoka Lualaba hadi karibu na Sudan.

AJIDA: Najua habari hiyo. Babu yangu aliisimulia.

MWALIMU: Basi unajua hapakuwa na muda wakati ule pia.

Nami niongeze la kwangu, kutoka upande wa mashariki wa ziwa. Mwaka 1916, katika vita ya Waingereza na Wajerumani huko Tanganyika, batayoni moja ya Afrika Kusini, ya tisa, ilianza Februari na watu 1,135. Oktoba waliobaki wenye afya ya kusimama walikuwa 116. Mapigano yenyewe walipigana kidogo sana. Hao walikuwa vijana walioshiba, wamechaguliwa, wana viatu. Mbu na kuhara havikuangalia vyeti vyao vya mbio. Mwaka huohuo, Septemba 19, askari wa Kongo waliingia Tabora na sifa zao zikaimbwa hadi Ulaya; nyuma yao walikuwa wabebaji wa mashariki mwa nchi hii, ambao kwa vita nzima idadi yao inatajwa kupita 260,000. Walibeba chakula cha jeshi kichwani na wengi walikufa kwa kuhara kando ya njia. Hawakupimwa chochote. Walihesabiwa kama mizigo.

KIJANA: Mimi nataka kuuliza jambo dogo. Nikipimwa, mkakuta nina kitu, mtaniambia?

Hakuna aliyemjibu mara moja. Ajida alitazama chini. Mama Docta akasema kwamba kwake, kituoni, kila anayepimwa anaambiwa, na anaambiwa peke yake, mlango umefungwa. Jeshini hana uhakika jibu linakwenda kwa nani kwanza, kwa mwenye mwili au kwa mwenye cheo. Kijana akasema ikiwa ni kwa mwenye cheo, yeye atakimbia tu uwanjani kama walivyomtaka, na kifua atakibeba mwenyewe.

Nafunga kikao kwa hukumu yangu, kama nilivyoahidi kutokuwa mwema.

Ajida ana haki: jeshi lisiloweza kutembea si jeshi, na asiyeweza kupanda Kabambare asipandishwe. Lakini kipimo chake kimekaa mwisho wa safari badala ya mwanzo. Kwanza chungu, kwa sababu njaa ndiyo iliyovunja vikosi katika njia hii kabla ya risasi. Kisha damu, kifua, ngozi ya mguu, chanjo ya kweli na chandarua, vyote vikiandikwa kwenye fishi inayomfuata askari popote anapohamishiwa, na jibu likifika kwake kabla ya kufika kwa mkuu wake. Kisha mbio, tena alfajiri. Na muuguzi wa kikosi akisema huyu hapandi leo, kanali asiwe na uwezo wa kumpandisha. Najua neno hilo la mwisho litawachukiza wenye nyota. Ndilo zito kuliko yote, kwa sababu bila hilo mengine ni karatasi.

Na hakuna kati ya haya litakalosimama bila lile la Mama Kambi. Mzee wa magoti yaliyokwisha apewe pensheni inayofika, au kazi ya kukaa: ghala, redio, kufundisha. Mradi kutoka jeshini ni kuingia njaa, kila kipimo kitakuwa mtego, na watu wenye akili hawaingii mtegoni wakiuona. Sheria ya hadhi ya askari tunayo tangu 15 Januari 2013. Kuiandika nyingine si lazima.

Kikao cha bajeti cha Bunge la Taifa hufunguliwa kila mwaka tarehe 15 Septemba. Waheshimiwa mliochaguliwa Kasongo na Kabambare, waziri wa ulinzi akisimama mbele yenu na mabilioni yake, msimuulize amenunua ndege ngapi. Muulizeni askari wangapi walioko Salamabila wana fishi ya afya, na wangapi waliovua sare mwaka uliopita wameona pensheni ya mwezi wa kwanza. Mpeni hadi mwisho wa kikao alete idadi hizo mbili.